Mukau Katikati ya Chai

Jumanne, 6 Mei
Bei za hisa zimetoka. Nimezinakili kama kila asubuhi, kabla ya uji. Benki mbili zimepanda kidogo. Saruji imelala.

Pesa za shamba tuliloliuza mwaka jana bado zimekaa bure. Ndizo zote tulizo nazo, mimi na mke wangu Kamene. Zisipozaa, dawa zake za presha zitazimaliza polepole, na hatuna mtoto wa kumpigia simu. Kwa hiyo natafuta hisa za kutulisha. Kampuni inayotoa gawio kila mwaka, hata mwaka mbaya. Na ilitoe kwenye faida, si kwa kukopa ili ipendeze machoni.

Hapa Malili, Makueni, kila mtu ni dalali wa ploti. Mwenye duka la mbolea ameniuliza leo, mbele ya watu, "Mzee, hiyo hisa utaifungia mbuzi wapi?" Wakacheka. Nami nikacheka. Ardhi nimewahi kuwa nayo, kule juu, Bonde la Ufa. Nilitoka na shati moja, nyumba ikiwaka nyuma yangu. Niliporudi kwetu Kanyangi kwa ndugu zangu, walikuwa wamekwisha kugawana ya baba. Hisa haina mpaka wa kudaiwa kwa panga.

Ijumaa, 9 Mei
Kampuni ya chai. Bei ya hisa imeshuka, gawio halikushuka. Ukilipima kwa bei, sokoni hakuna inayoifikia. Gawio nono hivyo hunitia shaka. Mara nyingi ni ng'ombe anayekamuliwa kabla ya kuuzwa.

Nimempigia Mutheu, msichana anayefanya kazi kwa wakala wetu wa hisa Nairobi. "Mzee, hiyo ni tamu sana, usilale! Rejista ya wanahisa inafungwa mwisho wa mwezi. Ukinunua baadaye, gawio la mwaka huu utalisikia tu kwa majirani." Nimemwomba ripoti ya mwaka kwanza.

Jumatatu, 12 Mei
Nimeichapisha ripoti kwa saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Hesabu safi. Deni dogo. Faida inalipa gawio na kubaki. Nimesoma mara mbili, nikafurahi. Kisha nikafika kwenye picha.

Shamba jipya waliloongeza. Chai changa, mistari imenyooka. Katikati, mti mmoja uliopukutika majani.

Ni mukau.

Kule juu hakuna mukau. Ni mti wetu wa ukame. Mbegu niliibeba kutoka Kanyangi, nikaipanda kichwani pa kaburi la mtoto wetu. Majirani walinicheka: Mkamba anapanda mti wa jangwani kwenye matope! Nilijua hautapenda baridi ile. Nilitaka tu awe na kitu cha kwao. Uliota umeinama, kama mtu anayeokota kitu chini. Huu umeinama hivyo hivyo.

Nimegeuza ukurasa. Nimerudi. Bado upo.

Jumanne, 13 Mei
Niandike bila kuzunguka.

Tulimwita Musyoka, yaani anayerudi, kwa sababu alizaliwa baada ya wa kwanza kutuacha. Homa ilimchukua kabla ya kuanza shule. Hatukupata mwingine. Tulipofukuzwa hatungeweza kumbeba. Mwaka jana nililiuza shamba kupitia wakili, kwa mtu nisiyewahi kumwona. Naye akaiuzia kampuni. Kila kitu ni halali. Hakuna wa kulaumiwa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Hisa nzuri kuliko zote nilizozipima imesimama juu ya mtoto wangu.

Ijumaa, 16 Mei
Nikiwa nanakili bei asubuhi, nimesikia mtoto akikohoa chumba cha pili.

Nyumba yetu haina chumba cha pili.

Jumapili, 18 Mei
Baada ya ibada nimemuuliza mchungaji, kwa mbali, kama mtu anaweza kula faida ya ardhi yenye kaburi la mtu wake. Amenipiga begani. "Mzee, na vile umesoma, bado unaogopa aimu? Pesa ni pesa. Toa fungu la kumi, ulale."

Siogopi mizimu ya wazee. Naogopa kuzoea. Mwaka wa kwanza nitaona haya. Mwaka wa tatu nitakuwa nikiomba mvua nzuri inyeshe pale. Na siku moja nitasoma ripoti, nitaona ule mti umechukua nafasi ya michai kadhaa, nami nitataka ung'olewe.

Jumatano, 21 Mei
Nimemwonyesha Kamene picha. Sikumwambia ni ya wapi. Aliweka kidole juu ya mti. Hakukiondoa kwa muda mrefu.

Kisha nikamweleza habari ya gawio. Nilikosea. Nilianza na hesabu.

"Baba Musyoka," akasema, "unataka tumle mtoto?"

Ametoka nje. Amekaa na ndengu zake uani, anachagua zilizokwisha kuchaguliwa.

Jumamosi, 24 Mei
Hatuzungumzi. Chakula kinaletwa, sahani inaondolewa.

Pesa karibu zote nimeziweka kwenye benki ile kubwa, inayolipa kila mwaka bila makelele, na kwenye hati fungani za serikali. Kipato chake kitakuwa kidogo kuliko cha chai. Dawa zitapatikana, nyama tutaipunguza. Nimebakisha fungu dogo. Sijui kwa nini.

Kikohozi tena leo, mchana kweupe. Nimemtazama Kamene. Alikuwa ameacha kufagia.

Jumatatu, 26 Mei
Mutheu amepiga. "Mzee wangu, ni leo ama kesho. Nikuwekee ama nikuachilie?" Nimemwambia aachilie.

Kamene alikuwa anasikiliza. Ameniuliza mwenye hisa ana kazi gani nyingine zaidi ya kula. Nimemwambia kuna mkutano mkuu kila mwaka. Mwenye hisa hata moja anaweza kuuliza swali, na wakubwa humjibu.

Amechochea moto mpaka chungu kikachemka.

"Basi nunua. Kidogo tu. Uwaulize kama wataukata ule mti."

Nimempigia Mutheu. Amenicheka sana. "Mzee, wewe ni kigeugeu!"

Alhamisi, 26 Juni
Mkutano siku hizi ni wa simu. Tumeegemeza simu kwenye birika. Kamene amevaa nguo ya kanisani, ingawa hakuna anayemwona.

Niliandika swali mapema. Nilisema mti, sikusema kaburi. Mwenyekiti amelisoma: "Mwanahisa kutoka Makueni anauliza kuhusu mti ulio katikati ya shamba jipya." Akakohoa kidogo. Akasema msimamizi alitoa amri ukatwe wakati wa kupanda, wafanyakazi wakakataa. Wakaleta wengine, nao wakakataa. Basi umeachwa, pamoja na nafasi ya kuuzunguka. Hakuna mpango wa kuukata.

Hakusema walikataa kwa nini. Swali lililofuata lilikuwa la mzee mwingine, mkali kweli: kwa nini wanahisa hawapewi tena chakula cha mchana na mwavuli.

Nimezima. Kamene bado alikuwa anaitazama simu.

"Hata wao wanamsikia," akasema.

Jumatano, 9 Julai
Baridi. Bei nimezinakili. Nyumba kimya, kikohozi hakuna tena.

Nilidhani nitafurahi.

Ijumaa, 25 Julai
Gawio limeingia kwenye simu nikiwa nje nafunga lango. Kitu kidogo, na kodi imekwisha kukatwa. Kamene ndiye aliyesoma ujumbe. Alitoka mpaka mlangoni, akaniita kwa sauti ya kusikika kwa jirani, vile wamama wa hapa huita wakipata pesa kutoka kwa vijana wao walioko Nairobi.

"Baba Musyoka! Musyoka ametuma kitu."

Jirani akamjibu kutoka ng'ambo ya ua kwamba Mungu ambariki.

Sikumsahihisha yeyote. Nimeingia ndani, nimenawa mikono.