Mtu Uliyemficha Juu ya Jiko

Mayu, mama yangu mpendwa,

Jumanne mwanamke mmoja alishuka hapa Lagangabilili akiulizia nyumbani kwangu. Aliponiambia ni binti wa yule mwalimu, nilishindwa hata kumpa kiti.

Unajua ninavyomkumbuka baba yake. Nilikuwa na miaka kumi na minne, baba anachunga ng'ombe wa ranchi kule Kagera, wakati askari wa ng'ambo walipovuka mpaka na kukikalia kijiji chetu. Walikuwa wanawasaka walimu na mgambo. Mwalimu wangu ukamficha darini, juu ya jiko, nyuma ya kuni na masuke ya mtama, na mimi nikawa nampelekea viazi. Siku ya nne, mchana, walimleta baba kutoka zizini, damu zinamtoka puani.

"Mwalimu yuko wapi? Sema, tumwachie mumeo."

Ulikuwa unasonga ugali. Hukuacha mwiko.

"Hapa hakuna mtu."

Walipekua chumbani, wakachungulia jikoni, moshi ukawatoa. Wakaondoka na baba. Hakurudi.

Vita vilipoisha ukanirudisha kwetu Nkoma, nami nikakubebesha kifo chake. Siku moja tunachambua pamba, mbele ya shangazi, nilikwambia: "Ulimchagua mgeni, ukamtoa baba." Shangazi aliinama. Wewe ulisema tu, "Chambua, ng'wanone, mwanangu, jua linatuacha."

Nilipoolewa, ikawa nakuja kwenye misiba tu. Ulipougua uliniita mara mbili. Nilituma sukari na kanga.

Sasa sikia alichonieleza huyu binti. Baba yake alifariki mwaka jana, akamwachia usia atutafute. Asubuhi ya siku ile ya nne, mimi nikiwa kisimani, mwalimu alimsikia baba akikwambia pale jikoni, chini ya dari: "Mimi ndiye niliyemleta humu. Wakinishika, usimtoe. Niapie." Ulikataa, mayu. Ulilia, ukasema una mtoto wa kulea. Baba alikushika mikono, hakukuachia mpaka ulipoapa.

Kumbe ulikuwa umesimama pale mbele ya askari na kiapo cha mumeo mdomoni, naye anakutazama.

Kwa nini hukuniambia? Nimejiuliza siku nne hizi. Nadhani uliogopa nitamkasirikia marehemu, ukaona heri hasira yangu ikuangukie wewe, uliyekuwa unaweza kuivumilia. Na mimi nilikuacha uivumilie hadi kaburini.

Jana niliwaita wanangu, nikawasimulia yote, pamoja na maneno yangu ya siku ile ya pamba. Mdogo akauliza, "Mbona hukutupeleka kwa bibi?"

Pumzika, mayu. Msamaha siuombi, kwa sababu najua ulinisamehe palepale, pamba ikiwa bado mikononi mwako. Ndicho kinachoniuma.

Ni mimi, mwanao wa pekee