Maneno Kumi na Mawili Kwenye Aproni

Wewe fundi cherehani uliyeniletea barua hii, akili umeiacha kwenye droo ya mashine? Siri ya pesa za mwenzio unainakili na kumpelekea bibi usiyemjua, eti "uone mfano"! Mstari huo nimeuziba kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Barua iliyobaki naichapisha hapa gazetini, wengine wajifunze kwa aibu yako.

"Bibi yangu, shikamoo. Nisaidie maana sijui nisogee mbele au nirudi nyuma. Sisi ni mafundi watatu chumba kimoja, mimi, wifi yangu na dada mmoja mtu mzima tunayemwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyetufundisha kushona, tunatengeneza mikoba ya turubai, na tumepata mteja wa mbali anayelipa kwa sarafu za mtandaoni, hizo kripto, zinaingia kwenye simu yangu kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo hayo kidogo. Tukakubaliana kila mtu awe na pochi yake humo kwenye simu nimtumie fungu lake, asije mtu akasema nakalia pesa zake. Wifi hakunisumbua, lakini Mwalimu ni mgeni kabisa, basi nikamfungulia mimi, pale pale kazini, wateja wako kwenye benchi wanangoja suruali zao, pochi ikatoa yale maneno kumi na mawili ya siri ambayo ukiyapoteza na pesa zimepotea, nikamwambia ayaandike mahali pasipopotea. Akasema, 'Karatasi zangu zinaliwa na panya, mwanangu. Nisomee herufi moja moja.' Nikamsomea kwa sauti, naye akayadarizi yote kwenye aproni yake, kifuani, kwa uzi mwekundu, na kwa kuwa ni Kiingereza na yeye hakisomi, kwake yalikuwa nakshi tu, na Bibi yalipendeza kweli, mpaka mteja mmoja akapiga picha akitaka ashonewe kama hiyo. Nilicheka. Baadaye ndipo nikakumbuka kuwa yale ni siri, nikamwambia aifumue, akanijibu mbele ya watu, 'Nimekufundisha kushika sindano, leo unanifundisha kufumua? Mambo ya simu yako yaache kwenye simu yako.' Tangu hapo ananijibu kwa mkato. Mwisho wa mwezi mteja analipia mikoba ya miezi minne, na fungu la Mwalimu ndilo la kupasuliwa jicho, maana moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho na la pili limeanza. Nimtumie humo humo niombe heri, au nikae nazo mimi kimya kimya mpaka apoe? Sitaki kumvunjia heshima."

Marahaba. Sasa nisikilize.

Shule mimi niliiacha mapema, lakini binti yangu aliye mbali hunitumia pesa za namna hiyo hiyo, na nilikataa kupokea hata senti mpaka aliponieleza mara tatu. Maneno yale ni ufunguo. Mwenye nayo hahitaji simu ya Mwalimu. Anaingia kwenye pochi akiwa kwao amekunja miguu, anabeba, na hakuna benki ya kwenda kulilia. Kufumua kutasaidia nini, wakati picha iko kwenye simu ya mtu? Pochi hiyo imeshakufa. Usitume kitu humo. Aproni mwache aivae akitaka, pochi tupu haina cha kuibiwa.

Na hilo la kukaa nazo wewe, litoe kichwani. Ukigongwa na pikipiki, nani atafungua simu yako? Sarafu zikishuka bei zikiwa kwako, utamwambia nini, na jicho linangoja?

Halafu unajificha nyuma ya heshima. Mwalimu hana kosa. Ulimwambia mahali pasipopotea, hukumwambia pasipoonekana. Kafanya kazi safi kwa maagizo ya kijinga, kisha wewe, fundi aliyekufundisha mwenyewe, unasimama mbele ya wateja kumwambia afumue. Hata mimi ningekujibu hivyo, tena ningeongeza.

Mtafungua pochi mpya, mlango umefungwa, wifi yako akae nje na watu wake wa suruali. Simu aishike Mwalimu, abonyeze kwa kidole chake, wewe kazi yako mdomo tu. Maneno yakitokea, geukia ukutani. Kama macho hayamruhusu, amwite mtu wake wa damu amwandikie, amchague yeye, si wewe. Yaandikwe kwenye karatasi mbili, ziwekwe nyumba mbili, kila moja ndani ya mkebe wa bati. Panya nao wana meno, hawana mkasi. Hakuna picha. Hakuna kumsomea mtu, na atakayempigia simu akijiita mfanyakazi wa hiyo pochi na kuyataka maneno ni mwizi, akate.

Siku ya kutuma, anwani ya pochi itoke kwenye simu yake ije kwenye yako, usiiandike kwa mkono. Kaeni pamoja, mlinganishe herufi za mwanzo na za mwisho. Hakikisha pochi yake inapokea sarafu ile ile kwa njia ile ile unayotumia wewe, maana ikipita njia nyingine inaweza isionekane tena. Tuma kwanza kidogo, bei ya kidonge cha uzi. Usiseme "imefika" wewe, mngoje aseme yeye, "Nimeiona." Hicho kidogo akibadilishe kwanza, akishike mkononi kama pesa. Hapo ndipo umalizie. Na kwa kuwa ni za hospitali, azibadilishe zote siku hiyo hiyo, asikae kutazama bei.

Lakini hata moja la haya halitafanyika kama mtu hataki kukutazama usoni. Kwa hiyo kunja gazeti hili, nenda kwa Mwalimu leo, nyumbani kwake, si kazini. Piga hodi, kaa chini, umwambie, "Nilikosea mimi, nilikuagiza vibaya," halafu unyamaze mpaka akujibu.