Mkanda Chini ya Dera

Jumanne, 7 Aprili

Mkanda wa tumbo tena. Nimeufunga Salma akiwa bado amelala. Nimevuta pumzi, nimebana kulabu moja moja hadi safu ya mwisho. Kuta zinatoa jasho. Unyevu huu wa Guangzhou hauna adabu, nguo za mtoto ziko kambani tangu juzi na bado mbichi.

Kwa mbele, kioo hakina neno. Nikigeuka upande, utadhani mimba ya miezi mitano. Na Salma yuko pale kitandani, ana miezi mitatu. Sasa humu ndani kuna nini?

Mume wangu Rashid amekwenda kazini Tianxiu, kwenye ofisi yao ya kusafirisha mizigo. Nilingoja atoke ndipo nikavaa. Siku hizi nabadilisha nguo chooni na mlango nafunga. Hajauliza. Sijasema.

Kesho narudi laivu mtandaoni. Wateja wa Mombasa wamenisumbua, Idi ya kuchinja haiko mbali, wanataka magauni. Kabla sijazaa nilikuwa navaa kila gauni mwenyewe mbele ya simu, nazunguka, wanaona linavyokaa. Ndiyo kazi yangu. Ndivyo walivyonizoea.

Naogopa.

Jumatano, 8 Aprili

Gauni la kwanza sawa. La pili sawa. La tatu kitambaa laini, nikasahau nikageuka upande.

Maandishi yakapanda kwenye kioo cha simu: "Hongera dada, naona mwingine yuko njiani!" Chini yake mwengine: "Mashallah, huyu hapumziki." Vikaragosi vya kucheka vikamiminika.

Nilicheka nao. Nikasema mtandao unasumbua. Nikazima.

Hawakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Walisema walichokiona.

Magauni nimeyarudisha kwenye mfuko. Sikula mchana.

Ijumaa, 10 Aprili

Mgongo unawaka moto, hapa chini ya shingo. Rashid alinipiga picha jana nikinyonyesha, akaituma kwa mamangu. Nimeiona leo. Sikumjua yule mwanamke. Mabega yamepanda hadi masikioni, kifua kimeingia ndani, amejikunja juu ya mtoto kama anayemficha polisi wasimwone.

Nimesukwa kwa Mama Béni, huku Xiaobei. Mkongomani, watoto wanne, mikono myepesi. Kila akiinua kichwa changu, kinashuka tena. Mwishowe akaacha kitana.

"Mama Salma, unabeba nini ku mabega? Teremusha!"

Nikasema ni uchovu. Nikashusha mabega. Kabla hajamaliza mstari mmoja yalikuwa yamerudi juu yenyewe.

Jumapili, 12 Aprili

Naandika na aibu, ingawa hakuna atakayesoma.

Nimepiga chafya kwenye ngazi za jengo letu. Nimejikojolea. Si matone. Nimesimama pale na mtoto mkononi, mfuko wa mboga mkono wa pili, na jirani anashuka ananiambia kitu kwa Kichina, nami natabasamu.

Na si hilo tu. Jioni zikifika nahisi uzito huku chini, kama kitu kinataka kutoka. Nimetafuta kwenye simu. Nimesoma kwamba kizazi kinaweza kushuka. Nikasoma kingine, kibaya zaidi. Nikaifunika simu kwa mto kama vile itaniona.

Mama aliponifunga tumbo kwa kanga siku za arobaini alisema litarudi tu. Alirudi nyumbani akiamini hivyo. Nitamwambia nini?

Jumanne, 14 Aprili

Nimenunua mkanda mpya. Huu una vyuma pembeni. Ukiufunga huwezi kuinama, na tumbo linapotea kweli. Nilipojiona nilitaka kulia kwa furaha. Nusu saa baadaye nikawa nahema kama nimekimbia.

Nitauzoea.

Baada ya chakula Rashid alinishika kiunoni. Nikaruka. Nilihofia asije akagusa vyuma. Aliondoa mkono taratibu, akaenda kuosha vyombo, akaviosha muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Kesho Shisanhang, soko la nguo za jumla. Maonyesho makubwa ya biashara yanaanza, mji umejaa wanunuzi, nisipowahi magauni ya Idi yataisha. Nakwenda na Salma. Sina wa kumwachia.

Jumatano, 15 Aprili

Nimekaa kitandani, naandika.

Shisanhang ilikuwa kama kawaida yake, watu, mikokoteni, marobota yanapita juu ya vichwa. Salma nilimfunga kifuani kwa mbeleko. Nilipanda ngazi hadi kwa laoban wangu, yule mama mwenye duka ninayechukua magauni kwake tangu nianze biashara. Nilipofika tayari nilikuwa sipati pumzi. Nikajiambia ni ngazi.

Tukaanza bei. Yeye anabonyeza kikokotoo, mimi natikisa kichwa. Kisha namba zikaanza kuelea. Jasho baridi. Pembe za macho zikaingia giza. Nilitaka kuvuta pumzi, haikuwa na pa kwenda. Nilichokumbuka ni kitu kimoja: Salma yuko mbele yangu, nikianguka namwangukia.

Laoban aliruka meza. Sijui aliirukaje, mwanamke wa umri ule. Alinidaka kwapani, akanikalisha juu ya marobota ya jinzi. Akamsogeza Salma begani, akafungua vifungo vya dera langu mbele ya wote, akauona mkanda, akapiga ukelele. Akaanza kung'oa kulabu. Moja ilimchana kidole.

Hewa iliingia kwa mkupuo. Iliuma.

Akautikisa mkanda ule mkononi, akanionyesha, akamwonyesha Salma kwa kidole, akasema maneno mengi sana. Kichina changu ni cha rangi, saizi na bei. Lakini nilimwelewa.

Salma hakuamka hata mara moja.

Rashid alikuja kutuchukua. Nimemwambia nilipata kizunguzungu kwa sababu ya joto. Aliutazama mkanda uliokuwa kwenye mfuko. Nyumbani aliniambia, "Kesho hospitali. Siyo ombi, Mama Salma."

Alhamisi, 16 Aprili

Daktari mwanamke, mdogo kuliko nilivyotarajia. Akauliza shida ni nini. Nikaandika kwenye simu itafsiri. Simu ikatoa kitu kilichomfanya akunje uso, akaniuliza kwa ishara kama nina tatizo la bomba nyumbani.

Kwa hiyo ikabidi Rashid atafsiri. Ikabidi kwanza nimwambie Rashid.

Nilimwambia nikiangalia sakafu. Kwamba najikojolea nikipiga chafya. Kwamba nahisi kitu kinashuka. Kwamba tumbo halifungi na naogopa nimeharibika ndani. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Kisha akamgeukia daktari na kuanza, kwa Kichina chake cha mizigo. Alikwama mahali. Akatafuta neno, akalipata, akalisema kwa sauti ya chini. Baadaye aliniambia ni neno wanalotumia katoni ya mafuta ya nywele ikivuja kwenye kontena. Hakuwa na jingine.

Daktari hakucheka. Alitikisa kichwa kuafiki kama anayesikia jambo la kila siku.

Akanipima. Kizazi kiko mahali pake. Misuli ya tumbo iliachana katikati wakati wa mimba, bado haijakaribiana. Misuli ya chini, inayozuia mkojo, imechoka. Na mkanda ule, kwa kubana namna ile, ulikuwa unasukuma kila kitu chini. Ndiyo sababu ya ule uzito. Nilikuwa najiumiza mwenyewe kila asubuhi, na kulabu nahesabu.

Akanisimamisha. Akaweka mkono mmoja kwenye mbavu zangu, mwengine mgongoni. Fangsong, akasema. Rashid akatafsiri: legea. Nikadhani nimelegea. Fangsong, akasema tena. Akagusa taya langu, akagusa bega, akagusa tumbo. Rashid akasikiliza, akageuka kwangu.

"Anasema umesimama kama mtu anayesubiri kupigwa."

Hapo nikalia. Sana. Daktari akanipa karatasi ya kufutia uso, akanishikia Salma.

Nje, kituo cha basi, Rashid aliuliza kwa nini sikumwambia.

"Nilidhani utaniona nimeharibika."

"Mimi nilidhani hunitaki tena," akasema. Basi letu likaja, tukaliacha lipite.

Ijumaa, 17 Aprili

Bila mkanda. Najihisi uchi hata ndani ya dera. Tumbo linatikisika nikitembea. Nikipita dukani nahisi kila mtu anaangalia. Hakuna aliyeangalia. Sijui kama naamini.

Jumanne, 21 Aprili

Mazoezi ya daktari: lala chali, magoti juu, vuta pumzi hadi ubavuni, itoe polepole huku misuli ya chini ikipanda. Kisha iachie. Kukaza naweza. Kuachia ndiko kugumu. Nimebana kwa muda mrefu hata mwili umesahau.

Rashid ameweka stuli chini ya miguu yangu ninaponyonyesha, na mto mapajani ili mtoto aje kwangu nisimfuate mimi. Mgongo umepungua kuuma. Anapita ananigusa bega. Mara nne leo amenikuta limepanda.

Nimepiga chafya, mkojo bado umetoka. Kidogo. Nimekasirika.

Kesho kutwa nilitaka kurudi laivu. Nimeahirisha.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimerudi.

Kabla ya kuwasha simu nilikaribia kuuchukua mkanda. Ulikuwa chini ya kabati. Niliugusa. Nikauacha.

Gauni la kijani, kitambaa kile kile laini. Nikageuka upande makusudi, nimalize. Haikuchukua muda. "Dada, una ujauzito?"

Nikasema, "Hapana. Hili ni tumbo la Salma. Yuko pale analala. Halijarudi, na sijui kama litarudi lote. Gauni linakaa hivi kwa mtu mwenye tumbo hili."

Kioo cha simu kikawa kitupu. Wengine waliondoka, niliona idadi ikishuka. Nilitaka kuzima. Kidole kilikuwa tayari.

Kisha mwanamke wa Likoni, mteja wa siku nyingi asiyeandika kitu zaidi ya saizi yake: "Geuka tena polepole. Langu lina miaka sita na hakuna anayenionyesha gauni linavyokaa mwilini mwangu."

Nikageuka tena. Akauliza mwengine kama linabana kwapani kwa anayenyonyesha. Nikanyanyua mikono. Akauliza mwengine kama mgongo bado unamuuma kila mtu au ni yeye tu. Hapo hatukuzungumza magauni kwa muda mrefu.

Nilipozima, blauzi ya ndani ilikuwa imelowa jasho. Sijui kama nitaweza tena Jumatano. Labda.

Jumapili, 3 Mei

Mvua asubuhi yote. Niliweka wali jikoni, nikalala chini kufanya mazoezi. Salma akalia. Nikamlaza juu ya tumbo langu nimalize hivyo hivyo.

Akapanda nikivuta pumzi, akashuka nikiitoa. Akaweka shavu, akanyonya ngumi, akalala.

Rashid alisimama mlangoni akauliza mbona kunanuka. Nikamfanyia ishara anyamaze. Akazima jiko, akaja akakaa sakafuni.

Wali uliungua chini. Tumekula wa juu.