Mawe Juu ya Bati

Alhamisi, jioni. Mawingu ni mazito upande wa milima ya Matogoro. Upepo umetulia, lakini siuamini.

Sijalala vizuri tangu Jumatatu. Sababu naijua, na nimekuwa nikiepuka kuiandika.

Jumatatu alasiri upepo ulishuka kutoka mlimani kabla ya mvua. Hapa Ruhuwiko tumeuzoea upepo wa majira haya, kwa hiyo nilifunga madirisha nikaketi. Nikasikia bati likipigapiga nyumba ya pili, kisha kishindo, kisha sauti ya Mama Upendo.

Mama Upendo ni nesi aliyehamishiwa Songea kutoka Mara. Alikuwa ametoka mbio kuanua nguo. Bati liliinuka, na jiwe lililokuwa juu yake likaporomoka, likampiga begani. Mfupa umevunjika. Lingalisogea kidogo tu, leo tungalikuwa msibani.

Aliyeagiza jiwe lile liwekwe ni mimi.

Mwaka jana nilisimama katika jumuiya yetu ya sala nikawaambia majirani waweke mawe juu ya bati, kama alivyofanya marehemu baba yangu. Mama Upendo si Mkatoliki, hivyo nilimfuata nyumbani kwake. Alisita. Alisema kwao mafundi hufunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa waya hadi ukutani. Nilimjibu kwamba yeye ni mgeni, na upepo wa huku haujui. Akaweka mawe, kwa sababu mimi ni mkubwa wake kwa umri.

Jana nilikwenda hospitali kumwona. Mkono umefungwa kifuani, uso umevimba, lakini alijitahidi kuinuka na kuniamkia shikamoo. Niliitikia marahaba, nikamsaidia kulala tena. Nilimwomba radhi. Hakunilaumu, wala hakunifariji.

"Mimi bega litaunga, Mwalimu," alisema. "Lakini mawe ya wengine bado yako juu, na redio imesema upepo unarudi."

Nyumba saba bado zilikuwa na mawe niliyoyaagiza mimi.

Leo asubuhi nilimchukua fundi wa paa, tukaanzia kwa Baba Faraja, mkulima mwenye ulimi mkali. Alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Nilipomwambia ashushe mawe, alicheka mpaka mkewe akatoka kutazama.

"Mwalimu, si wewe uliyenisimamisha mbele ya jumuiya nzima kama mtoto wa darasa la pili, eti nyumba yangu haina mawe? Leo niyashushe?"

"Yashushe, baba. Nilikosea."

Sikumbuki kama niliwahi kulitamka neno hilo mbele ya watu katika miaka yangu yote ya kufundisha. Baba Faraja aliacha kucheka. Aliweka gunzi chini, akaenda kutafuta ngazi.

Fundi alitueleza kwamba upepo huingia chini ya bati kwenye upenu na kulinyanyua pamoja na kilicho juu yake. Afadhali bati liondoke peke yake, alisema, kuliko liondoke na jiwe. Dawa ni kufunga kenchi vizuri na kuongeza misumari pembeni. Na upepo ukianza, watu wakae ndani, mbali na madirisha, wasikimbilie nje kuokoa chochote. Mambo hayo Mama Upendo alikwisha kuniambia sehemu yake, nami sikumsikiliza.

Hadi jioni, nyumba tano zimeshusha mawe, na fundi ameanza kufunga kenchi.

Mbili zimekataa.

Hawakunikataa kwa ubaya. Walinikaribisha, wakanipa chai. Mzee mmoja alisema maneno ya mwaka jana yalikuwa ya Mwalimu, lakini haya ya leo ni ya mtu aliyeingiwa na hofu, na yeye ataendelea kumtii Mwalimu. Wajukuu wake walikuwa wakicheza chini ya upenu huohuo. Nilimsihi angalau awaite ndani upepo ukivuma. Aliitikia kwa heshima tu, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Alfajiri nitarudi kwake. Kumwamrisha kulinichukua dakika chache. Kumshawishi sijui kutachukua muda gani, na upepo hauna miadi na mtu.