Udongo Unaojibu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Likasi. Jumapili, tarehe 16 Machi 2025, saa tisa alasiri.
Mpokeaji: OPJ (afisa wa upelelezi) Évariste Mutombo.
Shahidi: Orpa Mujinga, miaka 34, mwosha mawe kwenye machimbo ya madini ya Kamatanda, mkazi wa Kikula.

Mimi ni mke wa Gauthier Kasongo, mchimbaji, yule anayetafutwa. Nasema haya kwa hiari yangu. Naomba tu yaandikwe haraka, nataka kurudi kule.

Mnamo tarehe 10 Machi, Jumatatu asubuhi, mume wangu alitoka nyumbani akaniambia: "Minye naenda Kamatanda. Kama mvula inanyesha, nitalala kule." Alinidanganya. Alikuwa akichimba na rafiki yake Floribert ndani ya chumba cha kulala cha Floribert, kwenye avenue, barabara yetu hiihii. Siku hizi wengi wanafanya hivyo. Wanasogeza kitanda, wanachimba madini chini yake, wakimaliza wanakirudisha, na nyimbo za ibada wanazifungulia sauti ili jirani asisikie nyundo. Sikujua. Nilidhani Floribert ameokoka zaidi yetu sote.

Jumanne ilinyesha mvua kubwa.

Nyumba inayofuata ile ya Floribert ni ya Papa Octave Tshimanga, karani mstaafu. Mtaa mzima unamjua kwa chumba chake cha maajabu ya dunia. Amebandika ukutani picha za magazeti: kuku aliyeishi bila kichwa, mbuzi aliyechaguliwa kuwa meya, Wazungu wanaopigana kwa nyanya barabarani. Anazieleza kwa uso wa mchungaji, nasi tunacheka hadi mbavu zinauma. Ni mtu mwema, siwezi kusema vingine.

Alhamisi tarehe 13, saa kumi alasiri, jirani alinivuta twende tukaone ajabu jipya. Mlangoni Papa Octave alikuwa ameandika kwa chaki: UDONGO UNAOJIBU. Chumba kilikuwa kimejaa. Akapiga sakafu kwa kiatu, akauliza: "Udongo, weye iko unatusikia?" Chini kukagongwa. Watu wakapiga makofi. Akauliza tena: "Udongo, iko na njaa?" Kukagongwa kwa nguvu zaidi, bila kukoma. Watu walishika matumbo kwa kucheka, na mimi nikiwa mmoja wao.

Makofi yalipotulia ndipo nikasikia vizuri. Mara mbili polepole, mara tatu haraka. Mchimbaji aliye shimoni hugonga hivyo kwenye jiwe ili aliye juu avute kamba. Gauthier hugonga hivyo hata mlango wa nyumba yetu, nijue ni yeye, nisiogope.

Nikasema: "Papa, ule ni muntu. Ule ni bwana yangu. Tuvunje simenti."

Akanijibu kwa upole: "Mama Orpa, bwana yako iko Kamatanda. Weye mwenyewe ulisema. Na maajabu, batu habavunjake." Yaani, watu hawavunji maajabu.

Watu wakacheka upya, wakidhani nami nimepangwa kwenye mchezo. Nililala kifudifudi nikaita jina la mume wangu. Wanaume wawili wakanitoa nje, kwa heshima kabisa.

Sikuelewa amefikaje pale chini, ila Floribert ndiye mwenzake wa kazi, nikaingia kwake. Redio ilikuwa ikiimba. Floribert hakunitazama, alitazama kitanda. Nikakisukuma. Chini yake palikuwa na udongo mbichi, umeshindiliwa kwa miguu. Akasema: "Njia ya chini, ile inafika kwa Papa Octave, iliangukaka na mvula. Nilimuita, hakuitika. Nikaona amekufa. Nikafunika shimo sababu ya woga." Nilitaka kumpiga, nikatoka mbio kutafuta wachimbaji.

Ijumaa asubuhi wachimbaji wa Kamatanda walikuja. Papa Octave mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo ya kwanza kuvunja sakafu yake, huku akilia. Walipofika kina cha mtu mmoja, udongo ulianza kumiminika kama uji na ukuta ukapasuka. Wakapanda juu. Walijaribu upande wa Floribert pia, ikawa vilevile. Wanasema tungoje udongo ukauke. Huu ni Machi, na mvua bado ipo.

Jumamosi mchana nilijilaza ukingoni mwa shimo nikasema: "Gauthier, ni minye, Orpa. Niko hapa." Akagonga mbili, halafu tatu. Zote zilikuwa za polepole. Nikamjibu kwa jiwe. Tangu hapo nimegonga mimi tu.

Leo baada ya ibada walikuja watu wa mtaa mwingine, na watoto wao wamevaa vizuri, kuona udongo unaojibu. Hawakuwa na habari. Papa Octave aliwafungia mlango, akaketi chini sakafuni, akaanza kubandua picha zake ukutani.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, na ni kweli.

Sahihi: O. Mujinga

Nyongeza ya afisa: Shahidi alipoulizwa kama ana la kuongeza, aligonga meza mara mbili polepole, mara tatu haraka, akainamisha sikio na kusikiliza. Nilingoja naye kwa muda. Kisha nikamruhusu aende.
É. Mutombo, OPJ