USUKANI WA SHEVROLETI KURUDISHWA KUSHOTO

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA KAMATI YA GARI LA USHIRIKA, KILICHOFANYIKA KATIKA GEREJI YA USHIRIKA, KILOSA, JUMAMOSI TAREHE 9 OKTOBA 1971

WALIOHUDHURIA
1. Ndugu Mathayo Donati – Mwenyekiti
2. Ndugu Danieli Tomasi – Fundi Mkuu
3. Mzee Urbanus Lukasi – Dereva
4. Bibi Costancia Petro – Mshonaji wa paa na viti
5. Ndugu Yohana Elia – Mwakilishi wa Vijana (mjumbe mpya)
6. Ndugu Simoni Chilongola – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bibi Generoza Paulo – yuko Munisagara anamwuguza mama yake. Alitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/7/71: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Kikao kilichelewa kwa kuwa Fundi Danieli alikuwa chini ya gari, akasema anamalizia nati moja tu. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu wao na kumwomba Fundi anawe mikono kabla ya kushika karatasi za kamati.

Kwa kuwa Ndugu Yohana ni mgeni katika kamati, Katibu alitakiwa kumweleza habari za gari. Alieleza kwamba ni Shevroleti ya mwaka 1951, yenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Ililetwa na Mmarekani mmoja mpima ramani, naye alipoondoka mwaka 1958 alimwachia dereva wake, Mzee Urbanus. Tangu hapo gari lilibeba wagonjwa wa Kidodi, Mvumi na kwingineko kuwaleta hospitali hapa Kilosa, mpaka lilipokufa kabisa mwaka 1968, na Mzee akalitoa kwa Ushirika. Kila lilipoharibika lilitiwa kilichopatikana: taa za lori, kiti cha trekta, kengele ya baiskeli badala ya honi. Ndiyo sababu kikao cha kwanza kiliamua gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, ili mafundi wetu wajue jinsi kitu kilivyoundwa kabla hawajakibadilisha, na ili lionekane Mikumi kwenye sherehe za miaka kumi ya Uhuru.

Ndugu Yohana aliuliza kama gari la anasa la namna hiyo linafaa katika nchi ya Ujamaa. Mwenyekiti alijibu kwamba katika viti vyake wamezaliwa watoto wawili, mmoja wao ni mtoto wa mgambo wa mtaa huu. Ndugu Yohana aliridhika, akaomba tu kengele ya baiskeli asipewe mtu mwingine kabla yake.

KUMB. NA. 2/7/71: PAA NA RANGI
Bibi Costancia alieleza kwamba paa limekwisha kushonwa, limebaki kufungwa. Alionyesha pindo la paa la zamani lililokuwa limejificha chini ya bati la nyuma, ambalo halikupata jua. Rangi yake ni kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Fundi Danieli alisema yeye ameizoea ile ya kijani. Bibi Costancia alimwuliza, "Ile ya kijani ilikuwa rangi, baba, au ukoga?" Wajumbe walicheka kwa muda. Iliazimiwa kwamba rangi ya pindo ndiyo ifuatwe.

KUMB. NA. 3/7/71: USUKANI
Fundi Danieli aliarifu kwamba usukani ni kazi kubwa ya mwisho. Gari lilitoka kiwandani na usukani upande wa kushoto, kwa kuwa Wamarekani huendesha mkono wa kulia wa barabara. Mwaka 1964 yeye mwenyewe, kwa ombi la Mzee Urbanus, aliuhamishia kulia kwa kutumia vifaa vya lori bovu. Alisema ushahidi uko kwenye bati: matundu ya kushoto yamepigwa na mashine, mduara safi, ya kulia yamepigwa naye kwa tindo. Usukani wa kulia ameshaufungua, na vifaa vya asili alivihifadhi ndani ya gunia la mkonge vikiwa vimepakwa grisi. Aliomba idhini avirudishe.

Mzee Urbanus alipinga. Alisema vifaa vya zamani vimechoka. Fundi alijibu kwamba ni vizima. Mzee alisema polisi hawataruhusu. Mwenyekiti alijibu kwamba walimruhusu miaka sita ya mwanzo. Mzee alisema wakati huo barabara haikuwa na malori mengi kama sasa, na kwamba, kwa jinsi anavyoona, gari libaki lilivyokuwa au kamati itafute dereva mwingine.

Fundi Danieli alisema kwamba Mzee tangu zamani anaogopa kuendesha akiwa kushoto. Mzee Urbanus alisema maneno hayohayo Danieli aliyasema kilabuni mwaka uleule wa 1964, kwa sauti, na ndiyo maana wamekuwa wakisalimiana shikamoo na marahaba tu, basi, hadi leo. Mwenyekiti aliwataka wote wawili wakae.

Hapo Bibi Costancia aliomba kusema. Alimwuliza, "Shemeji, na dada Perpetua je? Mbona humtaji?" Inaelezwa hapa kwamba marehemu Perpetua, mke wa Mzee Urbanus, alikuwa dada yake Bibi Costancia.

Mwenyekiti hakumharakisha Mzee Urbanus. Kisha Mzee alieleza, na Mwenyekiti akaagiza maneno yaandikwe kama yalivyosemwa:

"Ukikaa kushoto nyuma ya lori, huoni mbele. Unaona mkia wa lori na vumbi. Lazima mtu akae kulia akuangalizie. Perpetua ndiye aliyekaa. Mimi siangalii kitu, nasikiliza. Akisema 'Bado, baba Regina,' nangoja. Akisema 'Haya, pita,' napita. Sikuuliza hata siku moja kama ameona vizuri. Alipofariki nikawapakia wengine pale. Mmoja ananyamaza, mwingine anapiga kelele, mwingine anasema pita huku amefumba macho. Nikaona afadhali kile kiti kiwe changu mwenyewe, kisiwe cha mtu. Ndiyo nikamwambia Danieli ahamishe usukani. Si woga."

Fundi Danieli alisimama, akasema hakulijua hilo, na kwamba angelijua asingefungua kinywa chake kilabuni wala mahali pengine. Aliomba radhi mbele ya kamati. Mzee Urbanus alisema amesikia. Fundi aliongeza kwamba kama ni hivyo anaondoa ombi lake, usukani urudi kulia, na watakaouliza Mikumi wataelezwa kwamba ndivyo tulivyopenda.

Mwenyekiti alisema jambo hili si la kupigiwa kura, akamwachia Mzee aseme anavyotaka. Bibi Costancia alisema akitakiwa kukaa kulia yuko tayari, ila asitegemewe kusema kama dada yake. Mzee alimjibu, "Wewe, Costa, ukikaa kwenye gari husinzii?" Bibi Costancia alikiri kwamba husinzia. Fundi Danieli alijitolea yeye. Mzee alisema, "Wewe huna subira. Nati moja imetukalisha hapa tangu asubuhi."

Baada ya hapo Mzee Urbanus aliomba kuingia uani akalitazame gari. Kikao kilisimama kidogo. Aliporudi alisema usukani urudishwe kushoto, mahali ulipozaliwa. Mwenyekiti aliuliza kama maana yake amekubali kuendesha. Mzee alisema hapana. Danieli ndiye atakayeendesha. Kiti cha kulia atakaa yeye, kwa sababu kazi ile anaijua. Aliisikia ikifanywa kila siku, njia nzima hadi Mikumi.

Fundi Danieli alisema, "Nakubali, mzee wangu. Ukisema bado, nitangoja hata miaka kumi mingine ya Uhuru itukute nyuma ya lori la miwa."

Mzee alimwambia, "Na usiniulize kama nimeona vizuri."

"Sitauliza."

Iliazimiwa kwamba usukani urudishwe kushoto. Ndugu Danieli aendeshe. Mzee Urbanus aangalie njia. Safari ya majaribio itakuwa Jumamosi ya tarehe 30, kwenda Kidodi na kurudi, wakati malori ya miwa yako barabarani, kwa matakwa ya Mzee mwenyewe.

KUMB. NA. 4/7/71: MENGINEYO
Ndugu Yohana aliuliza tena habari za kengele. Alipewa.

KUMB. NA. 5/7/71: KUFUNGA KIKAO
Kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine, Mwenyekiti alikifunga kikao saa saba kasorobo mchana, na wajumbe wakatoka pamoja hadi uani. Kwa vile upande wa kulia wa gari sasa hauna usukani, Mzee Urbanus alifungua mlango huo, akaketi, akaweka mikono magotini na kutazama mbele. Bibi Costancia alimwuliza kiti kikoje. Alijibu kwamba hakuwahi kukaa hapo bila usukani mbele yake, na kwamba siku zote hakujua kuwa kutoka hapo barabara huonekana yote.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa kweli:

M. Donati, Mwenyekiti ........................

S. Chilongola, Katibu ........................