Meza ya Masasi Katika Nyumba ya Maziwa

Mpendwa Mama Constance, wewe unayetushauri sisi tunaokuandikia, naomba msaada, maana leo ni siku ya tisa nakaa na ng'ombe peke yangu hapa Karuba na sijui nianzie wapi, jina langu ni Straton, ni mfugaji, nimeishi na mke wangu Umuhoza miaka kumi na moja, tumegombana kama watu wote lakini hakuwahi kuondoka, na sasa ameondoka.

Marehemu baba aliniachia bunduki ya kuwinda, kalibre 12, nayo naitumia kufukuza mbwa walioachwa na watu waliokimbia vita, siku hizi wanatembea makundi na wamenirarulia ndama wawili. Masasi mapya, yaani risasi zake, ni bei kali, basi mwindaji mmoja niliyekutana naye Itebero akanieleza kwamba maganda ya zamani yanajazwa tena nyumbani, nikachukua mbao za rafu ya jibini nikatengeneza meza, Mama, meza nzuri kweli, yenye droo mbili na mahali pa kila kitu, vyuma nikaokota kwa fundi wa pikipiki, nikaiweka katika nyumba ya maziwa kwa sababu ndiyo pekee isiyovuja. Baruti inataka pakavu na sikuwa na chombo, nikachukua kisabo, kile kibuyu cha kusukia maziwa ambacho mama mkwe wangu, Mama Emérita, alimpa Umuhoza siku ya harusi, kilikuwa kimepumzishwa tukingoja ng'ombe wazae. Najua, Mama. Kwetu hakuna anayeweka hata maji humo.

Umuhoza akaniuliza, "Straton, mu kisabo ya mama unaweka nini?" Nikamjibu, "Njo dawa ya ngombe, usiguse." Akaamini. Ng'ombe wa kwanza alipozaa nikahamisha baruti kwenye bidoni, dumu la plastiki, nikapangusa kibuyu kwa kitambaa nikakirudisha kimya kimya, sikujua kwamba vumbi la baruti limeshika kwenye mafuta ya siagi ndani. Asubuhi akakivukiza mle mle katika nyumba ya maziwa, kama wake zetu wanavyofanya kabla ya kutia maziwa, makaa na majani kwenye chungu kidogo, kibuyu kimeinamishwa juu yake ili moshi uingie. Kikalipuka, kikapasuka, akaungua mkono wa kulia. Aliniangalia akasema, "Hiyi njo dawa ya ngombe?" Kisha akakusanya vipande ndani ya kitenge akaenda kwao.

Nimemtuma jirani yangu Léopold mara mbili, anarudi na jibu lile lile, "Ambia Straton abakie na meza yake." Mama, meza naweza kuihamishia nyuma ya zizi, nijenge kibanda cha mabati, baruti niifungie katika sanduku la chuma, hata ataisahau. Vipimo nimeshachora. Nimweleze kwa maneno gani ili akubali na arudi? Nampenda, na nyumba imepoa.

Straton, Karuba

*

Kaka Straton, pole sana. Naamini unampenda, kwa sababu mtu asiyejali hahesabu siku. Na uchungu wa ndama aliyeraruliwa naujua, mimi pia nimekulia kwenye kinyesi cha ng'ombe.

Lakini wewe mtu mzima, baruti na makaa chini ya paa moja! Ungesema tu kwamba ni baruti, Umuhoza angekufokea nusu siku na leo angekuwa na mkono mzima. Alikuamini, ndiyo maana aliungua. Hilo linauma kuliko moto, usijidanganye.

Meza hiyo haihamishwi, inavunjwa. Rudisha mbao kwenye jibini. Mimi ni mzaliwa wa Kashuga, vilima hivyo navijua: siku wenye bunduki wakisikia kwamba Karuba kuna fundi wa masasi, hawatakuuliza kama ni ya mbwa. Watakuletea magunia ya maganda, ukikubali umekwisha, ukikataa umekwisha. Baruti usiichome, usiimwage mtoni, wala usiipakie kwenye pikipiki. Funga mlango, moto usikaribie, mwambie chefu wa kijiji awaite wanaoondoa mabomu. Kuhusu mbwa, kaeni wafugaji wote, mlinde ndama kwa zamu.

Ukimaliza, nenda kwa wakwe mwenyewe. Léopold umemchosha bure. Fuatana na baba yako mdogo au mkubwa mwingine wa ukoo, mbebe pombe ya ndizi kama inavyotakiwa, lakini kabla haijafunguliwa mwambie Mama Emérita kwa mdomo wako ulitia nini katika kibuyu chake na ulidanganya vipi. Usimpelekee chombo cha plastiki ati ndiyo malipo. Muombe mbegu za kibuyu, upande, ukaushe kipya, hata kama ni msimu mzima. Na mpaka mke wako apone, vyombo vya maziwa utaosha na kuvukiza wewe. Wanaume wa Karuba watakucheka. Waache wacheke.

Jambo moja limeninyima raha. Meza umenieleza mpaka droo zake. Mkono wa Umuhoza umeutaja mara moja tu. Hukusema kama alifika kituo cha afya, kama vidole vinakunjika, kama anaweza kujishikia kijiko. Nadhani hujui, kaka. Siku tisa, na Léopold hukumtuma aulize hilo. Basi ukifika, kabla ya meza, kabla ya "rudi nyumbani", muulize, "Umuhoza, mukono iko namna gani?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.